Pumzi ya Wawili

(Maneno niliyowaambia askari wa Zimamoto na Uokoaji mkoani Mwanza kwenye gwaride la asubuhi. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)

Kamanda wetu wa Mkoa, maafisa na wakaguzi, masajenti, makoplo na makonstebo, wake kwa waume. Na ninyi mama lishe mnaotupikia, ambao mimi mwenyewe niliomba mwitwe. Mwangaluka!

Nimeombwa kuzungumza juu ya mazoezi na chakula. Naanza na huu mtungi hapa mezani, kwa sababu kila nitakalosema leo limo humu ndani.

Mtungi huu wa hewa tunayopumua ndani ya moshi ni wa lita 6. Ukijazwa hadi bar 300, bar ikiwa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, unabeba hewa kama lita 1,800. Filimbi ya tahadhari hulia geji ikishuka hadi karibu bar 55, kwa hiyo hewa ya kufanyia kazi ni lita 1,470 hivi. Askari aliyeshiba mazoezi, akifanya kazi ya kawaida, hutumia kama lita 40 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: karibu dakika 37. Yule aliyelemewa, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, anaweza kutumia lita 100 kwa dakika. Huyo baada ya dakika 15 filimbi inalia. Mtungi ni ule ule, umejazwa na kompresa ile ile, na kwenye daftari la vifaa wote wawili mmeandikiwa mtungi mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa huyo wa dakika 15.

Ilikuwa zamani kidogo, zimamoto ikiwa bado chini ya halmashauri, kabla ya Sheria ya mwaka 2007 kutufanya jeshi moja la nchi nzima. Tuliitwa kwenye ghala la pamba. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa mnaujua moto wa pamba: juu unaonekana umekufa, kumbe ndani ya robota unajichimbia taratibu, na usipoyatoa na kuyapasua moja moja, kesho yake utaitwa tena. Ni kazi ya mabega na mapafu. Niliingia na mwenzangu mmoja, kijana wa Ukerewe aliyekua akipiga kasia, mwembamba, mtu wa maneno machache. Wakati huo nilikuwa na kilo 96. Mchana ule nilikuwa nimekula sahani ya chipsi mayai na soda mbili, na nilikuwa na wiki kadhaa sijakimbia hata mita mia.

Tuliingia wote na bar 300. Tulikuwa tumetoa marobota matano tu filimbi yangu ikalia. Nikamshika mkono, nikasogeza uso wangu kwenye geji yake katikati ya moshi. Bar 170. Tulikuwa tumekaa ndani dakika 16.

Kanuni mnaijua: mnaingia wawili, mnatoka wawili. Akatoka na mimi. Hakusema neno. Alikuwa na hewa ya kufanyia kazi dakika 14 nyingine, na marobota yaliyokuwa yakifukuta alikuwa akiyaona kwa macho yake, lakini akayaacha kwa sababu yangu. Hakuna aliyekufa siku ile, namshukuru Mungu. Ila mwenye ghala alipoteza upande mzima ambao tungeweza kuuokoa, na nilipoketi kwenye bampa la gari nikitapika ile chipsi, nilielewa jambo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha. Muda wa wawili hupimwa kwa pumzi ya yule aliye dhaifu. Uvivu wangu ulikuwa umeingia kwenye mtungi wa mwenzangu ukanywa hewa yake.

Ndiyo maana sizungumzii mazoezi kama suala la mtu na mwili wake. Mtumishi wa ofisini akinenepa, shida ni yake na familia yake. Wewe ukinenepa, shida ni ya mwenzako aliyeshika mpira wa maji nyuma yako, na ya yule mama aliye chumba cha ndani anayegonga dirisha.

Sasa nizungumze juu ya moyo, na hapa naomba utulivu.

Watu wengi hudhani zimamoto hufa kwa kuungua. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha hesabu ya vifo vya askari wa zimamoto waliofia kazini Marekani. Karibu nusu ya vifo hivyo husababishwa na maradhi ya moyo. Kuzima moto kwenyewe kunachukua kati ya asilimia 1 na 5 tu ya muda wa kazi wa mwaka, lakini karibu theluthi moja ya vifo vya moyo hutokea katika muda huo mfupi. Hao ni watu wenye magari mapya na hospitali kila kona. Moyo haujali gari lako ni la mwaka gani.

Kinachotokea ni hiki. Umelala, kengele inalia, moyo unaruka kutoka mapigo 60 hadi 120 hujafunga hata kamba za buti. Unavaa mavazi na mtungi, umeongeza kilo 20 na zaidi. Unaingia kwenye joto. Mavazi yanayozuia joto lisiingie ndiyo hayo hayo yanayozuia joto lako lisitoke. Unatoka jasho lita moja, pengine zaidi, kwa saa. Maji yakipungua damu inakuwa nzito na rahisi kuganda, na moyo unaisukuma kwenda kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi ili ipoe, vyote kwa wakati mmoja. Mishipa ikiwa imeziba kidogo kwa mafuta ya miaka kumi, hapo ndipo inaposhindwa. Na mara nyingi haishindwi ndani ya moto. Inashindwa baadaye, mmekwisha kuzima, mnakunja mipira, mtu anasema kifua kinambana, anaketi chini. Mwenzako akisema hivyo, usimwambie anywe maji apumzike kwanza. Mpeleke hospitali hapo hapo.

Kwa hiyo la kwanza kabla ya kukimbia: pimeni shinikizo la damu. Leo, bure, muuguzi yupo pale chini ya mwembe. Ukikuta 140 juu au 90 chini, au zaidi, rudi upimwe tena siku nyingine na umwone daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito. Kiuno pia kipimwe kwa utepe: mwanamume akivuka sentimita 94, mwanamke 80, ni dalili kwamba mafuta yamejikusanya tumboni karibu na ini na kongosho, na hayo ndiyo mabaya. Hakuna anayepimwa ili afukuzwe. Nimemwomba Kamanda alitamke hilo yeye mwenyewe na amelitamka mbele yenu.

Mazoezi. Mji wetu umetuchagulia mazoezi, tukitaka tusitake. Panda Mabatini, panda Igogo, panda Bugarika. Nyumba zimekaa juu ya miamba na kati ya miamba, gari linaishia barabarani, na kutoka hapo ni miguu. Mpira wa milimita 45 wenye urefu wa mita 20 ukijaa maji umebeba lita 32 hivi, yaani kilo 32 ukiacha uzito wa mpira wenyewe. Unganisha minne kupanda kijia kile ambacho hata mbuzi anafikiria kwanza. Askari anayefanya mazoezi kwenye uwanja tambarare tu, moto wa Mwanza utamuumbua.

Kwa hiyo kimbieni milima. Siyo kila siku na siyo kwa kujiua. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa mapafu. Siku moja mwendo mrefu wa polepole, dakika 40 au 50, mnaweza kuzungumza huku mnakimbia. Zungukeni Capri Point alfajiri, upepo wa ziwa ni mzuri saa 12. Siku moja panda kwa nguvu dakika mbili, shuka unatembea, panda tena, mara sita hadi nane. Siku moja ngazi, umebeba mzigo. Wenzetu wa Marekani wana mtihani wa kuingia kazini wenye vituo 8 ambavyo lazima uvimalize ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao chenye uzito wa karibu kilo 23, na unaanza na ngazi dakika tatu ukiwa umeongezewa mzigo wa kilo 11 na ushee. Kuvuta mpira, kubeba vifaa, kusimamisha ngazi, kuvunja mlango, kutambaa gizani, kuburuta mtu. Angalieni orodha hiyo: hakuna hata kimoja ambacho huwezi kukifanyia mazoezi bila mashine ya jimu.

Nguvu nazo siku mbili. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, moja kila mkono, tembea mita 50 mgongo wima. Hayo ni mazoezi ya kubeba vifaa. Gurudumu la lori lenye kamba, livute ukirudi kinyumenyume. Hayo ni mazoezi ya kuburuta majeruhi. Kuchuchumaa na mpira uliokunjwa begani, kujivuta kwenye bomba, kupiga gurudumu kwa nyundo kubwa. Wanawake mlio jeshini, msikubali mtu awapunguzie. Paja na kiuno ndivyo vinavyomburuta mtu, na nimeona konstebo wa kike wa kilo 58 akimtoa mwanamume wa kilo 85 kwa sababu alijua kushusha makalio na kusukuma kwa miguu, wakati mwenzake mwenye kifua kipana anavuta kwa mgongo hadi ukamteguka.

Mavazi kamili vaeni kwenye mazoezi pia, ili mwili uzoee joto, lakini kwa kupanda taratibu. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Anzeni dakika kumi asubuhi. Mkubwa anayewakimbiza vijana na mavazi kamili saa 8 mchana juani, akiita ukakamavu, atanikuta mlangoni kwake.

Na kupumua kwenyewe ni mazoezi. Vaa barakoa, tembea, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Ukianza kuhema haraka haraka unatumia hewa nyingi na inayofika kwenye damu ni chache.

Ziwa sitalisema sana, mnalijua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija hapa Mwanza, na mji huu ulizika watu kwa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere, karibu na Ukara. Novemba 2022 ndege ikaangukia majini Bukoba, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Jina letu ni Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo kuogelea ni sehemu ya kazi. Ila niseme ambalo halisemwi: maji ya ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana kichocho. Ukifanya mazoezi ya kuogelea mwaka mzima bila kupima wala kumeza dawa, wale minyoo wanakula damu yako taratibu, unachoka, unadhani ni uzee. Mganga wa kituo apange siku ya kupima na kutoa prazikwanteli, siku hiyo iandikwe kwenye kalenda kama siku ya ukaguzi wa magari.

Nije kwenye chakula. Mama zangu, sogeeni karibu.

Tumezungukwa na chakula bora kuliko askari wengi wa dunia hii, halafu tunakula chipsi. Nenda Mwaloni pale Kirumba alfajiri uone kinachoshushwa. Gramu 100 za sato aliyepikwa zina karibu gramu 26 za protini. Askari wa kilo 70 anayefanya kazi nzito na mazoezi anahitaji kama gramu 85 hadi 110 kwa siku. Kipande kizuri cha sato mchana, maharage usiku, mayai mawili asubuhi, glasi ya mtindi: umeshakaribia. Dagaa ndio wameonewa kabisa, watu wanawaona chakula cha shida. Dagaa waliokauka karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa yako. Mama, waoshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu mchanga utoke, wakaange kidogo tu na vitunguu na nyanya, kamua limao. Hakuna askari atakayekataa.

Sato mpike rosti, mchome, mchemshe na nyanya na bilinganya. Kinachonisumbua ni ile karai ya mafuta. Mafuta yaliyokaanga tangu Jumatatu, leo Alhamisi bado yamo, meusi, yanatoa moshi. Mama, ninajua bei ya mafuta na sikulaumu. Tumekubaliana na mfuko wa chakula wa kituo kwamba askari watachangia tofauti ya bei, wewe upike kwa mafuta machache na mapya. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, nayo ina chumvi nyingi mno, ilowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe, la sivyo chumvi ya siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, mtu anaimaliza kwenye mlo mmoja.

Ugali siuondoi. Msukuma nimwondolee ugali nipite njia gani kurudi nyumbani? Ninachoomba ni mpangilio wa sahani. Robo iwe ugali, na dona ikiwezekana badala ya sembe, kwa sababu dona inakaa tumboni na haikuachi na njaa saa kumi. Robo iwe samaki, maharage au nyama. Nusu iwe mboga: mchicha, mlenda, majani ya kunde, kabichi. Siku ambayo mmefanya kazi nzito au mazoezi marefu, ugali uongezeke. Siku ya kukaa kituoni mnasubiri simu ya 114, upungue. Mwili ule kwa kazi uliyoufanyisha.

Kwenye begi la tukio wekeni michembe au matobolwa. Bibi zetu walikausha viazi vitamu ili vivuke kiangazi. Havivundi, havihitaji friji, vinatia nguvu ya kudumu. Mfuko mdogo wa matobolwa, karanga na ndizi mbili vinakufikisha asubuhi kwenye moto wa usiku kucha bila biskuti hata moja.

Vinywaji. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Mimi nilikunywa mbili mchana ule wa pamba, vijiko kumi na nane. Vile vinywaji vya kopo vinavyodaiwa kuongeza nguvu vina kafeini inayousukuma moyo ambao kengele tayari itausukuma. Mkiwa zamu, viacheni. Kunyweni maji tangu asubuhi, na mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Baada ya moto mrefu tengenezeni ile dawa ya kuhara tuliyofundishwa kliniki: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Ni ya kurudisha maji na chumvi, jasho nalo limetoa hivyo hivyo.

Na kabla hamjaweka kitu mdomoni kwenye eneo la tukio, nawa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Masizi yaliyo kwenye vidole vyako ni plastiki, magodoro, rangi na nyaya zilizoungua. Nimeona vijana wakipokea mkate kwa mikono myeusi na kuula wanacheka. Galoni moja ya maji na kipande cha sabuni viwe kwenye kila gari, nyuma ya kiti cha dereva. Nguo zilizotoka motoni zisiingie jikoni wala chumba cha kulala.

Nimesema mengi, jua limeanza kupanda. Mitungi miwili imejazwa, iko pale. Naomba zamu A itoe watu wawili: mmoja anayejiamini, na mmoja anayejua moyoni kwamba hajakimbia siku nyingi. Hakuna atakayechekwa, mimi ndiye niliyetapika kwenye bampa. Mtavaa kamili, mtabeba madumu hadi kwenye ule mwamba nyuma ya karakana, mtashuka, mtapanda tena, mara tatu. Mtakwenda pamoja na kurudi pamoja. Tutaandika bar mlizobaki nazo kwenye daftari hili, na baada ya miezi mitatu nitarudi tuandike tena, watu wale wale, mwamba ule ule.

Koplo, nisomee geji zote mbili kabla hawajaondoka.